Wanaopima na bado hawaamini

Kuna mteja ambaye sisi wa chumba cha kupima VVU humtambua hata kabla hajakaa. Amefika mapema kuliko wote, amekuja peke yake, na tarehe iko kichwani. Wengine ukiwauliza imepita muda gani watakwambia "kama mwezi hivi." Huyu anakutajia siku, saa, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Kisha unamuuliza kilichotokea, anainamisha uso na kusema: tulikula denda. Au: alinichezea kwa mkono tu, hatukufanya. Au: nilimshika sehemu za siri, nilipofika nyumbani nikaona kidole kina mchubuko.

Hajalala vizuri kwa wiki kadhaa. Amekwisha kupima kwingine, majibu yalikuwa hasi, na amekuja kwetu kwa sababu hakuyaamini.

Nafanya unasihi hapa Tanga tangu enzi ambazo watu walikuwa wanachungulia barabarani kwanza ndipo waingie kupima. Semina nilizohudhuria zilinifundisha vizuri namna ya kumwambia mtu kwamba majibu yake ni chanya. Sikumbuki hata moja iliyonifundisha namna ya kumwambia mtu majibu yake ni hasi akayaamini. Na watu hawa si wachache. Nataka kuwaandikia wao, pamoja na wanaoishi nao nyumba moja. Ninaowasimulia nimewachanganya na kuwabadilisha, kwa hiyo asitafutwe mtu.

Mmoja alikuwa kijana fundi simu. "Shikamoo mama," akakaa, akatoa simu yake na kunifungulia albamu nzima ya picha za ulimi wake. Alikuwa anaupiga picha kila asubuhi mbele ya dirisha. "Hii ya Jumanne, mama, hebu ikuze hapa nyuma. Si fangasi hizi?" Niliikuza. Ulikuwa weupe wa kule nyuma ambao karibu kila ulimi unao, hasa asubuhi kabla ya kula. Wakati wote anaongea, vidole viwili vilikuwa chini ya taya vinabonyeza. Aliniambia tezi imevimba na inauma. Nilipomuuliza anaibonyeza mara ngapi kwa siku hakuweza kujibu, lakini ngozi ya pale ilikuwa imeshaanza kuchubuka. Tezi ikibonyezwa kutwa nzima, itauma hata kwa mtu mzima wa afya.

"Mama, je, kama alikuwa na kidonda mdomoni?"

"Ulikiona?"

"Hapana. Lakini je, kama kilikuwa huku ndani, kwenye fizi?"

"Uliona damu? Ulipata ladha ya damu?"

"Hapana. Ila mimi nilikuwa nimetoka kupiga mswaki. Je, kama mimi ndiye niliyekuwa natoka damu?"

Nikifunga swali moja, anafungua mawili. Mwenye hofu hii si mjinga hata kidogo. Mara nyingi ni msomaji mzuri, anajua majina ya vipimo, na akili yake ni kali. Ukali huohuo ndio unaomkata.

Niyaseme hapa kama ninavyomwambia mteja, bila kuzunguka. VVU huambukizwa kwa damu, shahawa na majimaji yanayotangulia shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Kimojawapo lazima kitoke kwa mtu mwenye virusi vya kutosha mwilini, kisha kipate pa kuingilia: utando laini wa uke, wa njia ya haja kubwa, wa ndani ya govi au tundu la uume, au moja kwa moja kwenye damu kama inavyokuwa kwa sindano. Mate hayamo. Jasho, machozi na mkojo havimo. Mate yana protini zinazokizuia kirusi, na kwa kuwa chumvi yake ni kidogo kuliko ya damu, hupasua chembechembe za mwili zilizokibeba. Kubusiana midomo wazi kumehusishwa na maambukizi mara chache mno, pale ambapo wote wawili walikuwa na fizi zinazovuja damu au vidonda. Tukio la namna hiyo likitokea huandikwa kwenye majarida ya kitabibu, kwa sababu ya uadimu wake.

Kushikana sehemu za siri kwa mkono hakuambukizi VVU. Ngozi haikipitishi kirusi, na mchubuko ulioanza kukauka si njia. Kirusi kikishatoka mwilini na kuanza kukauka hewani, uwezo wake wa kuambukiza huporomoka. Kunyonyana sehemu za siri kuna hatari ndogo sana ya VVU, ingawa kwa magonjwa mengine ni habari tofauti, nitaifikia.

Halafu kuna ukubwa wa hatari yenyewe, jambo ambalo hatulizungumzi kwa sababu tunaogopa watu wataacha kondomu. Kule Rakai, kusini mwa Uganda, jirani na Kagera yetu, watafiti walizifuatilia jozi 174 za wanandoa ambao mmoja alikuwa na VVU na mwenzake hana, kabla dawa hazijafika vijijini. Matokeo yalichapishwa 2001. Kwa wastani, maambukizi yalikuwa takriban 1 kwa kila matendo ya ndoa 900. Utafiti mwingine wa hukohuko, uliochapishwa 2000 na kuhusisha jozi 415 za wanandoa, haukumkuta hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi ambaye virusi vyake vilikuwa chini ya nakala 1,500 kwenye mililita ya damu.

Simpi mtu namba hizi ili adharau kinga. Wastani unaficha mengi. Miezi ya mwanzo ya maambukizi hatari hupanda mara kadhaa, kidonda cha sehemu za siri huipandisha pia, na watu hawafanyi tendo mara moja tu katika maisha yao. Nampa kwa sababu mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya busu anaamini, bila kujua kwamba anaamini hivyo, kuwa kirusi hiki kinamrukia mtu yeyote aliyekaribia. Hakirukii. Hata tendo lenyewe kamili na mtu mwenye virusi, mara nyingi hakipiti. Sasa busu je?

Binti mmoja aliniuliza swali ambalo nililiona la haki kabisa. Alikuwa ametumia kile kipimo cha kujipima mwenyewe, ambacho sheria yetu ilikiruhusu baada ya marekebisho ya 2019. Unapitisha kijiti juu ya ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. "Sasa sista," akasema, "kama mate hayaambukizi, mbona kipimo kinatafuta virusi kwenye mate?" Nilimweleza kwamba kijiti hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, zile protini ambazo mwili wa aliyeambukizwa huzitengeneza, na ambazo hupenya mpaka kwenye majimaji ya ufizi. Aliandika kwenye daftari. Nilitamani maelezo hayo yawe yamechapishwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, maana najua wapo wengi waliokaa na swali hilo peke yao usiku.

Kuhusu muda wa kupima: kipimo cha haraka cha kutoboa kidole huweza kuonyesha maambukizi kuanzia siku ya 23 hadi ya 90. Damu ya mshipa ikipimwa maabara kwa kipimo kinachotafuta pamoja na kingamwili kipande cha kirusi chenyewe, ni siku ya 18 hadi ya 45. Baada ya hapo jibu ni jibu. Dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, ni za aliyebakwa, aliyepasukiwa kondomu na mtu mwenye virusi au asiyemjua hali yake, aliyechomwa na sindano iliyotumika. Hazitolewi kwa busu. Nimeshalaumiwa kwa kumnyima mtu PEP baada ya denda, lakini kumpa ningemthibitishia kwamba alikuwa hatarini, na angemeza vidonge mwezi mzima akipata kichefuchefu ambacho naye angekisoma kuwa dalili.

Maana hofu ina dalili zake, na ni dalili za kweli. Moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, kuharisha, kutoka jasho usiku, kukosa hamu ya kula hadi suruali ikalegea. Mtu anaingia mtandaoni kutafuta dalili za awali za VVU, anakuta homa, koo, uchovu, vipele. Nyingi ni dalili za mafua, na baadhi ni za malaria. Hapa Tanga mwezi wa pili, jua linapokuwa kali, nani hana harara kifuani? Akienda duka la dawa anaambiwa ana UTI, anachomwa sindano za antibiotiki, zinamvuruga tumbo zaidi. Halafu kuna wale wenye mashine ya kipimo cha mwili mzima, unashika chuma mkononi wanakusomea kila kiungo, na hawajawahi kumwambia mtu yuko salama. Wapo pia wauza dawa za kusafisha damu. Nimeona watu wakimaliza mtaji wa biashara kwa njia hiyo, na ninakasirika kila ninapokumbuka.

Sasa lile la magonjwa mengine, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani mguso hauambukizi kitu chochote. Malengelenge ya mdomoni yanatokana na kirusi cha hapisi aina ya kwanza, na hupita kwa busu. Wengi wetu tulikipata utotoni kwa kubusiwa na shangazi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wa chini ya miaka 50 duniani wanacho. Kaswende huweza kupita kwa kugusana na kidonda chake, hata cha mdomoni. Kidonda hicho huwa hakiumi, hutokea kwa kawaida kama wiki tatu baadaye, kisha hupona chenyewe huku ugonjwa ukibaki ndani. Ukiwahi, sindano moja ya penisilini ya benzathini inatibu. Kisonono hukaa hata kooni kwa wanaonyonyana sehemu za siri. HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hupita kwa ngozi na ngozi, na ndiyo maana tangu 2018 mabinti wetu wanachanjwa dhidi yake. Upele na chawa wa sehemu za siri wanahitaji tu kulala karibu. Kwa hiyo ukiona kidonda, usaha, lengelenge au muwasho usioisha, njoo uchunguzwe. Magonjwa haya yana vipimo na matibabu. Hata hivyo, katika miaka yangu yote sijakutana na mtu aliyeacha kula kwa hofu ya chawa. Hofu inaijua VVU peke yake.

Kwa nini? Jibu moja ni historia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na sisi tuliokua miaka ya tisini tulilelewa na mabango ya fuvu la kichwa na matangazo ya redio yaliyosema ukimwi unaua. Ulikuwa unaua kweli, tulizika. Lakini ujumbe ule ulikuwa wa kengele moja tu, hauna kubwa wala ndogo. Kinyozi, mwiba, busu, tendo bila kondomu, vyote vikawekwa kwenye kapu moja na neno hatari juu yake. Dawa zikaja, tangu 2004 zinatolewa bure, watu wakaanza kuzeeka na virusi vyao, wakazaa watoto wasio navyo. Kengele haikubadilishwa.

Jibu la pili huwa nalipata mteja akishanyamaza kidogo.

Alikuja baba mmoja, mfanyabiashara, anayekwenda Dar kuchukua mzigo Kariakoo. Safari moja aliingia mahali pa masaji na yule binti akamalizia kwa mkono. Hakuna zaidi. Miezi ilikuwa imepita, vipimo vyake vyote vilikuwa hasi, na vingine vilifanyika muda mrefu baada ya siku ya 90. Nyumbani alikuwa ameacha kumgusa mkewe kwa kisingizio cha mgongo. Alikuwa amehamisha mswaki wake chooni akauficha kwenye begi. Mtoto wake wa mwisho alizoea kumalizia chai kwenye kikombe cha baba, na yeye akawa anamnyang'anya. Mkewe alishaamini kwamba ana mwanamke mwingine.

Nilimuuliza: "Baba, tuseme nimekuhakikishia leo kwamba huna ugonjwa wowote, na wewe umeamini. Kinabaki nini?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Inabaki kwamba nilikwenda."

Ndilo jambo ninalotaka kulisema kuliko yote katika makala hii. Kwa wengi wanaopima na kupima tena, kirusi kimegeuka kuwa hakimu. Mtu amefanya kitu ambacho anaona hakistahili, na moyo wake unangoja adhabu. Binti wa kwaya aliyebusiwa kwa mara ya kwanza, mume aliyeteleza, kijana aliyelelewa kwamba mwili ni uchafu. Jibu hasi linawaudhi kwa namna fulani, kwa sababu kesi inabaki haijasikilizwa. Mimi nina kitepe cha kupima damu, na damu haina habari za dhamira. Mwenye mkewe azungumze na mkewe au na nafsi yake, anayesali atubu kwa namna ya dini yake, lakini asimtumie mhudumu wa maabara kama mlango wa kuungamia.

Kwa wengine si dhamira hata kidogo, ni ugonjwa wa wasiwasi wenyewe, na watu wa pwani tunaufahamu kwa sura nyingine. Kila msikiti una mtu anayerudia udhu mpaka wenzake wametoa salamu. Ustadh wa mtaani kwetu huwaambia vijana wa namna hiyo kanuni ya fiqhi: yakini haiondolewi na shaka. Na huwakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, aliulizwa kuhusu mtu anayedhani udhu umemtoka ndani ya swala, akasema asiondoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Yaani usirudi bombani kwa kuhisi. Nilishangaa nilipoona kwamba wataalamu wa afya ya akili wanafanya jambo linalofanana: humzoesha mgonjwa kukaa na shaka yake bila kukimbilia kipimo, bila kujikagua ulimi, bila kuuliza tena, mpaka shaka ipungue yenyewe. Wakati mwingine huongeza dawa, na zinasaidia. Kila kipimo cha ziada humpa mtu nafuu ya jioni moja. Kesho asubuhi shaka inaamka na njaa zaidi.

Kuna mtu mwingine anayeumizwa na hofu hii. Benchi letu la kusubiria linatumiwa na wote, wanaokuja kupima na wanaokuja kuchukua dawa. Mama mmoja anayetumia ARV kwa miaka mingi, virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo, aliwahi kumsikia kijana akilia kwamba maisha yake yamekwisha kwa sababu alimbusu mtu asiyejua hali yake. Alipoingia kwangu alisema tu, "Dada, mimi nina mume. Tunabusiana." Mumewe hana virusi. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2016 ulizifuatilia jozi 888 za wapenzi wa hali kama yao, waliofanya tendo bila kondomu takriban mara 58,000 wakati mmoja wao yuko kwenye dawa na virusi vimefubazwa. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Mama yule hakuwa na takwimu hizo, alikuwa na ndoa yake. Alitaka nijue kwamba maneno ya kijana yalimchoma.

Na huku tukihangaika na wa denda, wenye hatari halisi hawaji. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wana VVU, na kati yao asilimia 82.7 ndio waliokuwa wanajua. Waliobaki hawajui, na wengi wao pengine wanalala vizuri kabisa.

Ukiwa wewe ni mwenye tarehe kichwani, fanya hivi. Nenda mahali pamoja, mweleze mhudumu kilichotokea bila kupunguza wala kuongeza, na umwache akwambie kama kulikuwa na hatari. Akisema haikuwepo na bado huwezi kutulia, pima mara moja baada ya siku 90. Halafu futa zile picha, ondoa mkono shingoni, acha kusoma dalili. Hofu itarudi, hasa usiku. Ikirudi usiijibu kwa kipimo.

Na kama ni mumeo, mkeo, au mdogo wako, usimcheke na usimwambie aache upuuzi. Usiende naye kupima kwa mara nyingine pia, hata akikusihi. Ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa, jieleze wazi kwamba ni hofu ya ugonjwa isiyoisha, wanaielewa. Wengi hawafiki huko peke yao, kwa sababu wanaogopa kuonekana kwenye foleni ile kuliko walivyoogopa yangu. Chukua ruhusa kazini siku hiyo, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.